Jaisalmer: Ngome ya jangwani inayotishiwa na maji

MJI wa Jaisalmer, uliopo katika jimbo la Rajasthan magharibi mwa India, ni miongoni mwa miji michache duniani ambamo ngome ya kale ingali makazi ya watu. Ndani ya kuta zake maelfu ya wakazi huishi, huabudu na kufanya biashara, kama walivyofanya mababu zao kwa zaidi ya miaka 800.

Ngome hiyo ilianzishwa mwaka 1156 na Rawal Jaisal, mtawala wa ukoo wa Bhati, alipouhamisha mji mkuu wake kutoka Lodurva. Ilijengwa juu ya kilima katikati ya Jangwa la Thar, kwa mawe ya mchanga yenye rangi ya manjano. Jua linapokaribia kutua, kuta zake na minara yake 99 hung'aa kama dhahabu, na ndiyo sababu Jaisalmer huitwa Mji wa Dhahabu.

Utajiri wake ulitokana na misafara ya ngamia iliyopita hapo ikibeba hariri, viungo na bidhaa nyingine kati ya India na nchi za magharibi yake. Biashara hiyo ilififia bandari ya Bombay, ambayo sasa ni Mumbai, ilipostawi. Mwaka 1947, India ilipogawanywa na Pakistan kuzaliwa, njia za kale za misafara zilikatwa na mpaka.

Mgeni huingia ngomeni kwa miguu, akipita malango manne makubwa yanayofuatana hadi kwenye uwanja ulio mbele ya kasri la watawala. Karibu na hapo yamo mahekalu ya dini ya Jaini, yaliyojengwa kati ya karne ya 12 na ya 16, ambayo nguzo na dari zake zimejaa nakshi. Anayeingia humo hutakiwa kuvua viatu.

Nje ya ngome kuna majumba ya wafanyabiashara wa zamani, yaitwayo haveli. Mashuhuri zaidi ni Patwon ki Haveli, mkusanyiko wa majumba matano ya karne ya 19. Lingine ni Nathmal ki Haveli, ambalo husimuliwa kwamba ndugu wawili walilichonga, kila mmoja upande wake. Ukiangalia kwa makini, pande hizo hazilingani.

Siri ya mji huu kudumu ni namna wakazi wake walivyotunza maji. Ziwa Gadisar, lililochimbwa kwa mikono ya watu ili kukinga maji ya mvua, liliwanywesha wakazi kwa karne nyingi. Umuhimu wa maji huonekana pia Kuldhara, kijiji kilicho takriban kilomita 18 kutoka mjini, kilichohamwa katika karne ya 19. Simulizi za wenyeji humlaumu waziri mkatili, lakini kupungua kwa maji nako hutajwa kuwa chanzo.

Leo hatari imegeuka. Ngome ilijengwa kwa ajili ya watu waliochota maji kidogo kwa mitungi. Mabomba yalipofika, na nyumba nyingi zikageuzwa kuwa hoteli na migahawa, matumizi ya maji yaliongezeka mno kuliko mifereji ya kale ilivyoweza kuhimili. Maji yanayovuja hupenya chini na kuulainisha udongo ulioibeba ngome. Baadhi ya minara imeporomoka, na Agosti 2024 sehemu ya ukuta ilianguka baada ya mvua kubwa. Yote hayo yametokea ingawa shirika la World Monuments Fund liliiorodhesha ngome hii miongoni mwa majengo yaliyo hatarini tangu miaka ya 1990, na UNESCO iliitambua kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2013 pamoja na ngome nyingine tano za Rajasthan.

Kwa sababu hiyo, wageni hushauriwa kulala katika hoteli zilizo nje ya kuta na kuizuru ngome mchana. Kipindi kizuri ni Novemba hadi Februari, kwani wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40 za Selsiasi. Mji hufikika kwa treni au barabara kutoka Jodhpur.

Mwenye nafasi anaweza kufika Sam, takriban kilomita 40 kutoka mjini, kutazama vilima vya mchanga, au kuzuru Hifadhi ya Taifa ya Jangwa. Humo huishi tandawala mkubwa wa India, ndege ambaye idadi yake duniani haifiki 200.

Wanajeshi wa maadui waliwahi kuizingira ngome ya Jaisalmer kwa miaka. Maji ya bomba hayahitaji kuizingira, kwani yamo ndani tayari, na kuiokoa kunategemea mifereji iliyo imara na matumizi ya kiasi, ya mwenyeji na ya mgeni.