Kichocho katika Mabonde ya Pemba

Kisiwani Pemba, maji yale yale yateremkayo vilimani na kuyastawisha mabonde ya mpunga ndiyo yaliyokuwa, kizazi baada ya kizazi, njia ya kichocho kuingia miilini mwa watoto. Maradhi haya hayaendi ila kwa konokono wa maji baridi, naye apenda vijito na vidimbwi vyenye majani. Ndiyo maana kusini mwa Unguja, penye ardhi ya mawe ya matumbawe isiyotuamisha maji, kichocho ni nadra, ilhali Pemba, yenye rutuba, kilienea.

Wala si maradhi ya jana. Mwaka 1910 mayai ya mnyoo aletaye kichocho yalionekana ndani ya figo za maiti za Misri zilizohifadhiwa kwa miaka ipatayo 3,000. Mnyoo wenyewe aligunduliwa Cairo mwaka 1851 na tabibu wa Kijerumani, Theodor Bilharz, na mwaka 1915 Robert Leiper akathibitisha kwamba konokono ndiye mwenyeji wake wa kati.

Mtoto mwenye kichocho akojoaye mtoni huacha mayai majini. Vijidudu vitokavyo humo humwingia konokono, na baada ya wiki kadhaa hutoka kwa wingi, vikapenya ngozi ya yeyote aogaye, afuaye au apandaye mpunga, hata vikafika katika mishipa ya damu iliyozunguka kibofu. Humo mnyoo wa kike na wa kiume huishi pamoja miaka mingi, na mayai yao, yakikwama katika nyama ya kibofu, huleta damu katika mkojo, kisha makovu, kuziba kwa njia ya mkojo, kuharibika kwa figo, na kwa baadhi ya watu saratani ya kibofu. Na kwa wanawake huathiri sehemu za uzazi, madhara ambayo kwa miaka mingi hayakutazamwa ipasavyo.

Mwaka 1986 zilipoanza juhudi kubwa za kuwatibu watoto wa shule Pemba, zaidi ya nusu yao walikuwa na kichocho. Naona wingi huo ndio uliouficha ukali wake, kwa kuwa jambo linalowapata watoto wengi huhesabiwa kuwa la ada, na katika sehemu nyingi za Afrika mkojo wa damu kwa mvulana ulidhaniwa kuwa dalili tu ya kukua.

Zamani tiba ilikuwa nzito: tangu tabibu J. B. Christopherson alipoitangaza Khartoum mwaka 1918, dawa ya antimoni ilidungwa mshipani mara nyingi kwa muda wa wiki kadhaa, na sumu yake haikuwa ndogo. Vidonge vya prazikwanteli, vimezwavyo siku moja kwa kadiri ya kimo cha mtoto, ndivyo vilivyoibadili hali, hata kufikia mwaka 2012 wenye kichocho miongoni mwa wanafunzi wa Pemba walikuwa chini ya mmoja katika kila kumi. Walakini kidonge hakimzuii mtoto kurudi mtoni kesho yake.

Basi nawasihi wazazi wa shehia za mabondeni: mtoto akikojoa damu, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama babu yake naye aliikojoa na hakutibiwa, na wenye mamlaka wasiache kuwafikishia vyoo na maji ya mfereji.