Kambi za Njia ya Misafara: Wazee Walilala Wapi?



Katika kazi yetu ya kutembelea familia zinazorudi, swali la jioni ni moja kila siku: leo watalala wapi? Wengi wetu tulizaliwa ao tulikomea Nyarugusu, ile kambi iliyofunguliwa mwaka wa 1996, basi tunadhani neno "kambi" lilikuja na mahema ya HCR. Sivyo. Neno hilo lilitembea kwa miguu zamani sana, na lilifika mpaka kwetu.

Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, Ugogo na Tabora, ikafika Ujiji. Hapo watu walivuka ziwa kwa mitumbwi mpaka Mtowa, karibu na Kalemie ya leo, halafu miguu tena kwenda Kasongo na Nyangwe. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa 6, 1857, wakafika Ujiji mwezi wa 2, 1858. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba kama kilo 30 kila mmoja. Kambi ilikuwa pa kulala usiku mmoja tu, kesho safari.

Walipataje pa kulala? Kwanza, maji. Kirangozi, yaani yule anayetangulia, alijua visima na mito. Kati ya Mpwapwa na Ugogo kulikuwa pori la Marenga Mkali, maana yake maji makali, hayanyweki. Hapo walifanya telekeza: wanapika na kula mchana kwenye maji ya mwisho, wanajaza vibuyu, wanatembea kuanzia alasiri mpaka giza, wanalala bila maji, na mapema asubuhi wanaendelea mpaka kisima kingine.

Pili, mwenye udongo. Ugogo msafara haukuchota maji hivi hivi. Ulilipa hongo kwa mtemi: nguo, shanga, waya. Wageni walilalamika sana, wengine wakaita wizi. Lakini wakati wa kiangazi yale maji yalichimbwa na wenyeji kwa mikono yao, na mia kadhaa za watu wanakunywa kisima chote siku moja. Kulipa kulikuwa pia kuomba ruhusa.

Tatu, vibanda. Wapagazi walikata miti na majani, wakapanga vibanda kwa duara, na boma la miiba nje. Wakiondoka, waliviacha vimesimama. Msafara wa nyuma ulivikuta, ukaongeza majani, ukalala. Siyo kila mara: vingine viliungua, vingine vilijaa kupe, na ndui ilifuata njia ile ile.

Tusifiche jambo lingine. Katika misafara ile wengi walifungwa minyororo, na Manyema ndiko walikotolewa. Tarehe 15 mwezi wa 7, 1871, watu wa wafanyabiashara walipiga risasi wanunuzi na wauzaji sokoni Nyangwe. Livingstone aliona kwa macho, akaandika. Kwa waliofungwa, kibanda kile kilikuwa gereza. Hatusifu misafara. Tunachukua kwa wapagazi kile walichojua.

Kwa nini tunaandika haya? Mwezi uliopita tulipita kwenye banda la wapitaji lililojengwa kwa michango yetu. Miti ilikuwa imefanywa kuni, majani yamebebwa. Hatutaji mtu. Usiku ule mama mmoja na watoto wake watano walilala kwenye barza ya kanisa, na mvua ilinyesha.

Tunaomba mkutano ujao uamue mambo matatu: banda lijengwe karibu na maji, chefu wa lokalite na wenye shamba waulizwe kwanza, hata kama ardhi ni ya babu zetu, maana wengine wamekaa hapo miaka yote tuliyokuwa ng'ambo, na anayelala aliache limesimama. Sisi tumeshafika. Bado kuna wandugu njiani.