Motakaa ya Zamani na ya Siku Hizi

Mtu akiambiwa kwamba palikuwa na motakaa iliyopanda mlima kinyumenyume, uso wake ukitazama bondeni, huenda akadhani anadanganywa. Walakini ndivyo ilivyokuwa kwa Ford ya namna ya T, iliyotokea Detroit, Marekani, mwaka 1908. Tangi lake lilikuwa chini ya kiti, na petroli ilishuka injinini kwa uzito wake tu, kama maji ya mfereji. Basi mlima ukizidi ukali, na petroli ikiwa kidogo, injini ilikuwa juu kuliko tangi, ikakosa kinywaji chake, ikazima. Dereva mwenye akili aligeuza gari akapanda kwa kurudi nyuma.

Kuiwasha nako kulitaka ushujaa. Miaka ya kwanza haikuwa na stata. Mtu alisimama mbele ya gari akazungusha hendeli kwa nguvu. Akiwa amesahau kuurudisha wenzo wa kupanga wakati wa cheche, uliokuwa karibu na usukani, injini iliweza kuirudisha hendeli kwa kishindo, na wako waliovunjika mkono namna hiyo. Kuongeza mwendo kulikuwa kazi ya mkono, si ya mguu. Chini palikuwa na pedali tatu: ya kushoto ya gia, ya katikati ya kurudi nyuma, ya kulia ya breki. Dereva wa leo angekanyaga ya kulia apate kwenda mbio, kumbe angesimama!

Nguvu zake zilikuwa za farasi 20, na mwendo wake yapata maili 40 kwa saa. Mwaka 1908 bei ilikuwa dola 850. Kisha mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, kazi ilianza kupelekwa kwa mafundi juu ya mnyororo unaokwenda, kila mmoja akatia kipande chake. Hata mwaka 1925 iliyo rahisi kupita zote iliuzwa dola 260. Hapo wakulima nao wakanunua. Wengine waliinua gurudumu la nyuma, wakalivika mkanda, wakapasulia kuni.

Lakini mwili wa binadamu haukufikiriwa sana. Mshipi wa kujifunga haukuwamo, na kioo cha mbele kilikuwa kioo tu, kikivunjika ni visu. Mshipi tunaoujua, unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na kampuni hiyo ikawaachia wengine wautumie. Leo pua ya gari hufanywa ili ijikunje yenyewe, wala si abiria, na mifuko ya hewa hufumuka kabla mtu hajapepesa jicho. Nikiulizwa mtoto wangu nimpakie katika ipi, sikawii kujibu.

Hata hivyo yule mkulima wa zamani ilipomharibikia njiani alitoa spana, nyundo na waya, akalala chini ya gari, akaitengeneza. Siku hizi taa ndogo huwaka mbele ya dereva, naye hajui yasema nini, kwa kuwa kompyuta ndiyo iamuruyo petroli na cheche. Nimepata kumwona fundi hodari, aliyezeeka kazini, amesimama mbele ya boneti iliyo wazi, spana mkononi, akimngoja kijana atoke mjini na chombo cha kuisomea kompyuta hiyo.