Wakimbizi wa Tanganyika: ulitoka wapi, ulikimbia mwaka gani?

Kasenga, Uvira – Mwishoni mwa Oktoba 1996, vita vya AFDL vilipoingia Uvira, familia nyingi ziliteremka ukingoni, zikapanda mitumbwi na maboti hadi Kigoma. Mwezi uliofuata kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu kwa ajili ya Wakongomani. Mpaka leo wapo wanaoishi humo, pamoja na wajukuu waliozaliwa humo.

Tanzania ile ile, Desemba 1996, iliwarudisha kwao kwa nguvu za jeshi mamia ya maelfu ya Wanyarwanda waliokuwa Ngara. Mmoja alikuwa anafunguliwa mlango, mwingine anaonyeshwa njia ya kutoka.

Kwa Warundi mambo ni magumu zaidi kueleza. Waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na mwaka 2014 watu karibu 162,000 kati yao na watoto wao wakapewa uraia. Waliokimbia vita vya 1993 hawakupata shamba, waliwekwa kambini. Mwaka 2012 hadhi yao ya ukimbizi iliondolewa, kambi ya Mtabila ikafungwa, na watu zaidi ya 30,000 wakapakiwa kwenye magari kurudi Burundi. Mkongomani wa Nyarugusu, wilaya hiyo hiyo ya Kasulu, hakuguswa.

Mkataba wa Geneva wa 1951, kifungu cha 3, unakataza kubagua wakimbizi kwa rangi, dini au nchi walikotoka. Waliotetea uamuzi ule walisema Burundi imetulia na Kivu bado. Hilo lilikuwa na ukweli wake, ila mwaka 2015 Burundi ilichafuka tena, na baadhi ya waliotolewa Mtabila wakarudi Tanzania wakiomba hifadhi upya.

Na hapa kwetu? Mwaka huo huo Warundi wengine walivuka Rusizi, wakapokelewa Kavimvira, kisha wakapelekwa Lusenda, teritware ya Fizi. Mwenye kadi ya HCR alipata pa kulala na msaada wa chakula, hata kama haukutosha. Mkongomani aliyeteremka kutoka milimani, au aliyekimbia bonde la Rusizi, alilala kwa ndugu au kanisani, bila kadi, kwa sababu hakuvuka mpaka.

Mlango wa mbali ulikuwa Marekani. Katika mwaka wake wa bajeti wa 2024 ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na Kongo ndiyo iliyotoa wengi kuliko nchi zote, karibu 20,000. Tarehe 20 Januari 2025 rais Donald Trump alisimamisha mpango huo. Watu waliokwisha kumaliza mahojiano na vipimo vya afya, wengine wakiwa na tarehe ya ndege mkononi, wakaambiwa wangoje.

Februari ikatoka amri ya kuwapokea Waafrikana, wazungu wa Afrika Kusini. Hao walihojiwa wakiwa bado nchini mwao, bila kuvuka mpaka wowote, na kundi la kwanza likatua karibu na Washington tarehe 12 Mei. Kwa mwaka wa 2026 Marekani ilitangaza nafasi 7,500 tu, nyingi zikiwa za Waafrikana.

Vipimo vya afya hudumu miezi michache tu. Huko Nyarugusu, hata mpango ukifunguliwa kesho, wenye dosye zilizokwisha kukamilika watapimwa upya.