Setilaiti ya Ungwana na Mikondo ya Cygnus

Kaskazini ya Malindi, mkabala na kijiji cha Ngomeni katika Ghuba ya Ungwana, Waitalia chini ya uongozi wa Luigi Broglio walisimamisha baharini, katika miaka ya 1960, majukwaa ya chuma. Na kutoka jukwaa liitwalo San Marco, tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilitimiza miaka 7 ya kujitawala, roketi ya Kimarekani ilipaa na setilaiti ya kwanza ulimwenguni iliyoundwa mahsusi kwa falaki ya eksirei. Kwa taadhima ya siku ile wakaiita Uhuru.

Eksirei haziwezi kuipenya hewa ya dunia, kwa hiyo Cygnus X-1, chimbuko la eksirei angani, ilikuwa imeonekana mwanzo, mwaka 1964, kwa roketi iliyochungulia juu dakika chache na kuanguka. Uhuru iliitazama kwa utulivu, ikaona nuru yake ikipapatika kwa muda usiotimia sekunde, dalili kwamba kitoacho nuru hiyo ni kidogo mno kwa umbo.

Lakini jambo ambalo naliona kuwa na thamani kupita yote, ingawa vitabu hulitaja kwa haraka, lilitukia baina ya Machi na Aprili 1971: eksirei laini, yaani zenye nishati ndogo, zilipungua hadi kama robo, zile kali, zenye nishati kubwa, zikaongezeka, na wakati huohuo darubini za redio za Westerbork, Uholanzi, na Green Bank, Marekani, ambazo awali hazikuona kitu mahali pale, zikapokea mawimbi. Kwa mawimbi hayo mahali penyewe pakajulikana barabara, na Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Charles Thomas Bolton huko Kanada, wakabaini nyota kubwa ya samawati inayozungukana, kila siku 5.6, na mwenzi asiyeonekana, shimo jeusi, ambaye leo hukadiriwa kuwa na uzito mara 21 ya ule wa jua.

Gesi inyonywayo kutoka nyota hiyo haitumbukii shimoni moja kwa moja, bali huzunguka ikawa sahani pana, ikapata kwa msuguano moto wa mamilioni ya digrii, na hiyo ndiyo asili ya eksirei laini. Mawimbi ya redio nayo hutoka katika mikondo ya maada inayofoka pande mbili kwa kasi ya ajabu. Mkondo wa Cygnus X-1 ulipigwa picha mwaka 2001. Mwaka 2004 Rob Fender, Tomaso Belloni na Elena Gallo wakaeleza kanuni yenyewe: sahani ikisogea hadi karibu na shimo, eksirei huwa laini na mkondo hukatika, ikirudi nyuma na kuacha gesi nyembamba yenye joto kali, eksirei huwa kali na mkondo hufoka tena, badiliko lilelile lililoonekana 1971. Kama nguvu ya mkondo hutoka katika mzunguko wa shimo, walivyonena Roger Blandford na Roman Znajek mwaka 1977, au katika sahani, alivyonena Blandford huyohuyo pamoja na David Payne mwaka 1982, ni shauri ambalo wanafalaki hawajalikata.