Mkonge wa Mlingano na Funguo za Mtandao

Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza kutoka Florida miche 1,000 ya mkonge. Iliyofika pwani ya Pangani ikiwa hai ni 62, na ndiyo iliyoanzisha kilimo cha zao hilo katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Baadaye kazi ya kuuboresha, iliyoanzia Amani na kuendelea katika kituo cha Mlingano wilayani Muheza, ilizaa chotara iliyopewa namba 11648. Mmea wake hutoa majani takriban 600 katika uhai wake, ilhali mkonge wa kawaida hutoa kama 250, na mbegu hiyo leo hulimwa hadi China. Naanzia Muheza kwa sababu swali la Mlingano, la nani atakilea kilichotolewa kwenye shina, ndilo linalowakabili mafundi wa kompyuta wanaochukua maktaba huria ya usimbaji na kujitengenezea nakala yao ya ndani. Kukata chipukizi ni kazi ya siku moja. Gharama iko katika kulipalilia miaka yote inayofuata, na asiyeiweza gharama hiyo asikate.

Maktaba ya namna hiyo ni OpenSSL, iliyoanza Desemba 1998 ikirithi SSLeay ya Eric Young na Tim Hudson. Ni msimbo unaofunga na kufungua siri za mtandaoni, na yeyote anaruhusiwa kuuchukua na kuubadili. Mwaka 2006 watunzaji wa mfumo wa Debian waliondoa katika nakala yao mistari michache iliyolalamikiwa na programu ya kukagua makosa. Hawakuwa wazembe, waliwauliza wenye maktaba, na jibu walilopata halikuwazuia. Kumbe mistari hiyo ndiyo iliyoingiza unasibu unaofanya ufunguo usiweze kukisiwa. Kilichobaki ni namba ya mchakato wa kompyuta, yenye uwezekano 32,768 tu, kiasi kwamba funguo zote za aina na ukubwa fulani ziliweza kuorodheshwa. Kasoro hiyo ilikaa hadi Mei 2008. Mkono uliobadilisha ulikuwa hodari, lakini hakukuwa na jicho la mtaalamu wa usimbaji lililobaki likiutazama msimbo ule.

Atakayenipinga atataja Heartbleed, na ana hoja. Kosa hilo, lililotangazwa Aprili 2014, lilikuwa kwenye shina lenyewe, yaani OpenSSL halisi, tangu 2012, na waliolitegemea shina waliumia pamoja. Mradi ulioulinda mtandao wa dunia ulikuwa ukipata michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka. Ndipo watunzaji wa mfumo wa OpenBSD wakaanzisha nakala yao, LibreSSL, na Juni mwaka huo Google wakatangaza ya kwao, BoringSSL, baada ya kubeba viraka vyao zaidi ya 70 juu ya OpenSSL. Lakini angalia ni nani waliofanikiwa: wenye wahandisi wa kudumu, wanaosoma kila rekebisho la shina na kuamua lipi waliingize kwao. Google hata huwaonya watu wa nje wasiitegemee nakala yao. Tena chipukizi huwa na maradhi yake. Ugonjwa wa madoa ya majani wa Korogwe huiandama hasa 11648, na hakuna Florida ya kuiletea dawa. Inabidi itafutwe hukuhuku Mlingano.

Kwa hiyo benki, kampuni ya simu au ofisi ya serikali inayotaka nakala yake ya OpenSSL iajiri kwanza wataalamu wa kuitunza. Ikishindwa, itumie shina kama lilivyo, isakinishe kila rekebisho linapotoka, na fedha zilizobaki izichangie kwa wanaolitunza.