Picha ya Tembo Kutoka Dirisha la Basi

Iko barabara moja katika nchi yetu ambapo mtu asiye na shilingi ya kiingilio cha hifadhi huweza kumwona tembo kwa nauli ile ile ya basi. Naisema barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, pale inapokata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa umbali wa kilomita zipatazo 50. Pale hakuna mwongoza watalii wala darubini. Mnyama huja mwenyewe au haji. Akija, basi zima husimama vitini, kila mmoja anataka picha, na dereva peke yake ndiye anayewaza kufika Iringa.

Juma hili nimeona tuitazame historia ya picha hiyo ya njiani. Ukiitazama kwa haraka ni jambo dogo, la kuchangamsha safari. Lakini ukiifuata nyuma utakuta kwamba kila mara ilikuja na chombo fulani cha safari, na kwamba chombo kilichomsogeza mpiga picha karibu na mnyama ndicho hicho kilichomletea mnyama kifo.

Tuanze na mtu ambaye hakuwa na chombo isipokuwa miguu, na miguu yenyewe mingi ilikuwa ya watu wengine. Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka nyika za Wamaasai na pande za Kilimanjaro mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1905 akatoa kitabu alichokiita Mit Blitzlicht und Büchse. Kwa lugha yetu tungesema "Kwa Mmweko na Bunduki", na kwa hakika hakuficha kwamba alikuja na vyote viwili. Kamera za siku zile zilikuwa masanduku mazito yaliyotumia vioo badala ya mkanda, na vioo hivyo vilisafiri vichwani mwa wapagazi. Usiku Schillings alitega uzi karibu na maji, au karibu na punda aliyefungwa kama chambo. Mnyama akiugusa uzi, unga wa magnesi uliwaka kwa mlipuko na kamera ikafunguka. Kwa maneno mengine simba alijipiga picha mwenyewe. Watu wa Ulaya walipigwa na butwaa, kwa sababu walikuwa wamezoea kumwona simba aliyechorwa kwa kubuni, au aliyekwisha kufa na mwindaji amesimama juu yake. Jina la Schillings tunalijua mpaka leo. Waliobeba vioo bila kuvivunja, kazi ambayo naiona kubwa kuliko kutega uzi, hatuwajui.

Kisha likaja garimoshi. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, nayo ilipita katikati ya mbuga za Athi zilizojaa nyumbu, kongoni, pundamilia na twiga. Serikali ya kikoloni ilitenga upande mmoja wa reli kuwa eneo lisilowindwa, na haukupita muda mrefu wanyama wakamzoea yule nyoka wa chuma. Abiria akawaona akiwa ameketi anakunywa chai. Winston Churchill, alipokuja mwaka 1907 akiwa bado waziri mdogo, alipanda kwenye benchi lililofungwa mbele kabisa ya injini ili aone vizuri. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, naye alikaa mahali kama hapo mwaka 1909.

Mwanawe Roosevelt, Kermit, ndiye aliyekuwa mpiga picha wa msafara ule. Nao msafara ule, kwa hesabu yao wenyewe, uliua kwa mikono ya baba na mwana wanyama wakubwa 512. Kamera na bunduki vilikaa katika mfuko mmoja. Mwaka huo huo alikuwako Mwingereza Cherry Kearton, ambaye pamoja na kaka yake Richard alianza kwa kupiga picha viota vya ndege huko kwao, sasa amekuja na kamera ya sinema. Huyu aliipenda kamera kuliko bunduki, na kwa sababu hiyo namheshimu zaidi, ingawa dunia inamkumbuka Roosevelt.

Motokaa ndiyo iliyogeuza mambo. Katika miaka ya 1920 magari yalianza kufika Serengeti, na madereva wakagundua siri ambayo kila mwongoza watalii wa leo anaijua: simba anayemkimbia au kumshambulia mtu anayetembea kwa miguu, gari halimshughulishi. Analiona kama kitu kimoja kikubwa kisicho na harufu ya nyama. Mtu akibaki ndani, simba analala. Basi wenye kamera wakafurahi. Mwaka 1926 alikuja George Eastman mwenyewe, yule tajiri wa Kodak, kuwatembelea Wamarekani wawili aliokuwa akiwasaidia kwa fedha, Martin Johnson na mkewe Osa, ambao mwaka 1928 walitoa filamu waliyoiita Simba.

Lakini wenye bunduki nao waliigundua siri ile ile. Ikiwa simba haliogopi gari, basi unaweza kumpiga risasi ukiwa umeketi. Mwindaji Denys Finch Hatton, aliyemwongoza mwana wa mfalme wa Uingereza katika safari za 1928 na 1930, aliandika katika gazeti la The Times la London mwaka 1929 kulaani mauaji hayo ya kutoka ndani ya magari. Naye hakuwa mtu wa huruma za kitoto; kazi yake ilikuwa uwindaji. Mwaka huo huo wa 1929 sehemu ya Serengeti iliwekwa chini ya ulinzi, na mwaka 1951 ikawa hifadhi ya taifa.

Iko habari nyingine ambayo haisimuliwi sana. Baadhi ya picha nzuri za simba wa Serengeti wa siku zile hazikuwa za bahati. Pundamilia aliuawa, akafungwa kamba, akaburutwa nyuma ya gari mpaka mbele ya simba, na simba wakaja kula huku kamera zinalia. Haikuchukua muda simba wakajua kwamba mlio wa gari ni mlio wa chakula. Tafadhali iweke habari hiyo akilini, maana tutairudia.

Mpaka hapo mwenye kamera ni mgeni. Mwananchi yumo kama mpagazi, mpishi, mtafuta nyayo, au msukuma gari lililokwama. Aliyeketi dirishani ni mwingine. Hali ilianza kubadilika kwa sababu ya barabara ambayo haikujengwa kwa ajili ya wanyama wala ya picha.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alitangaza uhuru wa walowezi huko Rhodesia. Zambia, iliyokuwa ikipitisha shaba na mafuta yake kusini, ikajikuta imekabwa koo. Mizigo ikageuzwa kuja Dar es Salaam, kwa njia ya vumbi kiangazi na matope masika, ambayo madereva wa malori waliibatiza Njia ya Jahanamu kwa jinsi ilivyowamaliza. Ikabidi itiwe lami, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ilikuwa imeenea. Hifadhi ya Mikumi ilikuwa imetangazwa mwaka 1964, mwaka mmoja tu kabla ya tamko la Smith. Kwa hiyo hifadhi changa na barabara ya ukombozi zilikutana mahali pamoja, na hapakuwa na nafasi ya kuuliza nani ampishe mwenzake. Sisemi kwamba barabara isingejengwa. Jirani aliyekabwa hupewa njia kwanza. Nasema tu kwamba tembo, twiga na nyati wa Mikumi nao walilipa sehemu yao ya ukombozi wa kusini mwa Afrika, na wanaendelea kulipa.

Basi lami ile ikamletea mwananchi dirisha. Mwalimu aliyehamishiwa Njombe, mfanyabiashara wa vitunguu, mwanafunzi anayerudi shuleni, wote wakapita kati ya wanyama bila kukusudia. Nathubutu kusema kwamba kwa Watanzania wengi tembo wa kwanza waliyemwona kwa macho yao, mbali na yule wa kwenye karatasi ya fedha, walimwona Mikumi kutoka ndani ya basi.

Kati ya miaka ya 1990 nilikuwa natoka Iringa kuja Dar es Salaam. Jirani yangu alikuwa mzee mmoja mstaarabu anayekwenda kumwozesha binti yake, na shingoni alining'iniza kamera ya mkanda wa picha 36. Alikuwa amekwisha niambia kwamba mkanda ule ni wa harusi, asidokolewe hata picha moja. Tulipofika uwandani basi likasimama, kwa kuwa kundi la tembo lilikuwa linavuka, mama mbele na watoto katikati. Mzee akatazama. Akaishika kamera, akaiachia. Akaishika tena. "Binti atanisamehe," akasema, akapiga picha tatu, si nne.

Tulipoagana Ubungo aliniomba sanduku langu la posta. Miezi miwili baadaye nikapata bahasha, ndani picha moja. Kwa kipimo cha wataalamu ni picha mbovu: kioo cha dirisha kimeakisi mwanga, na juu ya ubavu wa tembo zinaonekana sura zetu sisi abiria, mama mwenye kanga, konda ameshika bomba la juu, mimi mwenyewe nusu uso. Nimewahi kutazama picha nyingi za vitabu vya akina Schillings na Johnson, zilizo safi kuliko hiyo mara mia. Katika hizo sikuona mahali ambapo mtu wa kawaida wa nchi hii ameketi anamtazama tembo kwa mapenzi yake tu, bila mzigo kichwani.

Leo hakuna anayehesabu picha 36. Simu ya mkononi imemaliza uchumi wa mzee yule, na mtoto wa darasa la tano anaweza kupiga picha 60 kati ya Doma na Mikumi mjini. Hilo nalifurahia bila kinyongo. Lakini twende sasa kwa yule pundamilia wa Serengeti niliyewaomba mmkumbuke. Abiria akitaka nyani asogee karibu na dirisha ili picha ipendeze, hufanya nini? Humtupia ndizi, au ganda la hindi, au mkate. Nyani huja, picha hupatikana, basi huondoka. Nyani yule hubaki amejifunza kwamba chakula hutoka kwenye lami, na kesho atawahi pale pale pamoja na mwanawe mgongoni, wakati lori la tani 30 linateremka nyuma ya basi. Ndizi ile ndiyo pundamilia wa kuburutwa. Tofauti ni kwamba simba wa mwaka 1929 alisubiri gari lililosimama.

Wapo wanyama wanaokuja barabarani bila kuitwa na mtu, kwa kufuata majani machanga ya pembezoni au kwa sababu tu maji na malisho yako pande mbili. Hao hugongwa zaidi gizani. Serikali imeweka mabango ya mwendo, imeweka matuta, na liko bango linaloonyesha faini kwa kila aina ya mnyama, kwa dola, kana kwamba ni orodha ya bei ya bucha. Faini hiyo humpata dereva aliyekamatwa. Aliyezima taa akakimbia haimhusu. Kwa miaka mingi mabasi yalizuiwa kusafiri usiku kwa ajili ya usalama wa abiria, na nyati nao wakafaidika na amri ambayo haikutungwa kwa ajili yao, ingawa malori hayakuacha kupita. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku. Sijui nani aliwaarifu nyati.

Naombwa mara kwa mara na vijana niwaambie namna ya kupata picha nzuri pale. Mimi si fundi wa kamera, ila nimepita mara nyingi. Ukitoka Dar es Salaam kaa upande wa kulia, maana uwanda wa Mkata, wenye malisho na maji, uko huko. Futa kioo kabla ya Doma, usingoje mnyama aonekane. Simu iegemeze kioo ili sura yako isiakisi, labda kama unapenda, kama yule mzee, uonekane na wewe. Basi la alfajiri hufika pale karibu na saa sita, jua limekuwa kali na wanyama wengi wamejibanza vivulini, hivyo tazama chini ya miti na si katikati ya uwanda. Na dereva akipunguza mwendo mwambie asante kwa sauti ya kusikika, kwa kuwa aliyepiga kelele za "ongeza moto" atakuwa amekwisha sikika.

Hadi juma lijalo, saa ile ile.